Meli ya mafuta iliyorusha ndege

Nikiwasimulia vijana wa chumba cha mashine kwamba Waingereza waliwahi kugeuza meli za mafuta kuwa viwanja vya ndege, huuliza: kwa nini wakachague hizo, zenye shehena ya kuwaka? Jibu langu ni fupi. Mpira wa kupakulia.

Meli ya magunia na masanduku lazima ifunguliwe juu. Ukijenga uwanja juu ya sitaha, kreni itapita wapi? Mafuta hayana shida hiyo. Unaunga mpira, pampu zinafanya kazi, sitaha haiguswi. Ndiyo maana kati ya meli 19 za namna hii katika Vita vya Pili, 13 zilikuwa za mafuta. Zile 6 nyingine zilibeba nafaka isiyofungwa magunia, ambayo nayo hunyonywa kwa mabomba. Ya kwanza kuingia kazini, mwaka 1943, ilikuwa ya nafaka, Empire MacAlpine. Tanka la kwanza, Rapana, likafuata miezi michache baadaye.

Haja ilikuwa kubwa. Katikati ya Atlantiki palikuwa na eneo ambalo ndege za nchi kavu hazikulifikia, na nyambizi za Wajerumani zilijinoma humo, zikiwinda misafara ya meli.

Mimi kama fundi huvutiwa zaidi na moshi. Injini zilikuwa za dizeli, kwa hiyo dohani ndefu iliondolewa na moshi ukatolewa ubavuni. Mwendo ulibaki kuwa wa mzigo, noti 11 au 12 hivi (maili za baharini kwa saa), na uwanja wa matanka ulikuwa na urefu wa mita 140 hivi tu. Ndege ya kisasa ya wakati ule ingepata taabu hapo. Ndege waliyotumia, Swordfish, haikupata: mabawa mawili yaliyopandana, mwili uliofunikwa kitambaa, polepole kiasi cha kuchekwa. Mwendo huo wa polepole ndio uliofaa.

Meli za nafaka zilikuwa na banda la ndege 4 chini ya sitaha. Matanka hayakuwa nalo, maana chini kumejaa mafuta. Ndege zao 3 zilikaa nje, usiku na mchana, kwenye chumvi na barafu, na mafundi walizitengeneza papo hapo. Nimewahi kufungua nati kwa mikono iliyokufa ganzi. Sitamani kazi ile.

Nahodha alikuwa raia. Marubani, wanajeshi wa majini, walitia saini kwenye daftari la mabaharia wa meli, na baadhi yao wakafuta neno “Royal” la “Royal Navy” (jeshi la majini la Uingereza) ubavuni mwa ndege wakaandika “Merchant Navy” (meli za biashara). Matanka mawili kati ya hizo, Gadila na Macoma, yalipeperusha bendera ya Uholanzi.

Hakuna hata moja kati ya 19 iliyozamishwa. Msafara ukikaribia Uingereza, ndege ziliruka kwenda kituo chao cha Maydown, Ireland ya Kaskazini, na tanka likaingia bandarini kuunga mipira na kupakua mafuta yake, pungufu ya sehemu moja tu ya kumi ya mzigo wa kawaida.