Panga lako ndilo linalobeba mnyauko wa migomba

Nimeulizwa tena na tena na wenye vibanja, yaani mashamba ya migomba, hapa Kagera: "Bwana shamba, tupulizie dawa gani kwenye migomba inayonyauka?" Jibu ni lile lile. Hakuna dawa ya kupulizia. Mnyauko bakteria hautibiki, na katika aina za ndizi tunazolima hakuna hata moja yenye kinga kamili. Ila unazuilika, na kuuzuia hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji nidhamu ya panga.

Ugonjwa huu uliandikwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye enseti, mmea wa ukoo wa mgomba ambao watu wa huko hula tunguu lake, yaani kitako kilicho ardhini, na shina lake. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda. Ukaingia Kivu, mashariki mwa Kongo, ukaingia Rwanda, na mwaka 2006 ukathibitishwa kwetu Kagera. Mahali ambapo ndizi ndiyo chakula na kibanja kinaanzia mlangoni mwa nyumba, mgomba ukifa jiko ndilo linalozimika.

Mgomba uliozaa uangalie kwanza kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Magamba yake husinyaa na kukauka, kisha kikonyo chake nacho hunyauka. Baadaye ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio: kidole kimoja njano, cha jirani yake bado kijani kibichi. Kikate kidole hicho katikati. Ukikuta nyama ya ndani imeingia rangi ya kutu, usiwe na shaka tena. Mgomba ambao haujazaa huonyesha kwenye majani: jani linafifia, linajikunja na kulegea kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Kata shina, kisha subiri dakika tano mpaka kumi na tano. Utaona usaha wa njano iliyopauka ukijitokeza kwenye mkato, tone kwa tone. Huo si ule utomvu wa kawaida unaoharibu nguo. Huo ni bakteria wenyewe, na sehemu ya usaha huo sasa imo kwenye panga ulilolishika.

Wengi huuchanganya na Panama, mnyauko mwingine wa migomba unaoletwa na kuvu. Panama huanzia kwenye majani makuukuu ya chini, kingo zikigeuka njano, kisha majani huvunjika na kuning'inia kuzunguka shina. Ukikata shina unakuta mistari ya kahawia au wekundu, lakini usaha hakuna, na ndizi ndani haina kutu. Ndizi sukari ndizo zinazoumia sana. Kuvu wa Panama hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo pale ulipofia mgomba wa sukari usirudishie sukari.

Turudi kwenye mnyauko. Nyuki na wadudu wengine hufuata utamu wa ua dume, na kila gamba linapodondoka huacha kidonda kibichi, bakteria wakapata mlango. Kisubi na kainja, ndizi za pombe, ndizo huambukizwa hivyo kwa wepesi zaidi. Kinga yake ni kazi ya dakika moja: mara tu chane ya mwisho inapotokeza, chukua mti mrefu wenye panda, ingiza panda kwenye kikonyo cha ua dume, nyonga mpaka likatike. Usitumie kisu. Ukingoja wiki kadhaa, nyuki wameshapita.

Lakini kwenye vibanja vya ndizi za kupika, nyuki simlaumu sana. Namlaumu mtu na panga lake. Tazama jinsi mkulima hodari anavyofanya kazi: asubuhi anapita kibanja kizima akipogoa majani makavu, akipunguza machipukizi, akikata majani mabichi ya kufunikia chakula. Mgomba mmoja tu ukiwa na ugonjwa ambao haujajionyesha, panga lile lile linausambaza safu nzima. Kibarua akimaliza hapo anakwenda kwa jirani. Mnunuzi wa ndizi naye anakata mkungu kwa huyu, anakata kwa yule, na jioni amepita kijiji kizima. Mgomba ulioambukizwa kwa chuma unaweza kukaa miezi kabla ya kunyauka, ndiyo maana watu hawaoni uhusiano na husema kibanja kimerogwa.

Basi panga lisafishwe kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Lipitishe kwenye moto mpaka liwe la moto kiasi cha kutoshikika, au lioshe kwa jiki: kikombe kimoja kwa vikombe vitano vya maji. Jembe nalo ni hivyo hivyo, maana linajeruhi mizizi. Mnunuzi akija, mpe panga la nyumbani kwako, lake alifunge kwenye baiskeli. Hilo si dharau, na wengi wao wakielezwa wanaelewa. Mbuzi wafungwe, kwani wanaotafuna mgomba mgonjwa huhamia kwenye mzima.

Ukishaukuta mgomba mgonjwa, usikimbilie kung'oa shina zima pamoja na watoto na wajukuu wake. Huo ndio ulikuwa ushauri wa miaka ya mwanzo, na wakulima wengi hawakuufuata: tunguu ni zito, kazi ni ya siku nzima, na familia inabaki bila chakula. Utafiti uliofanyika Uganda na mashariki mwa Kongo ukaonyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote ya shina moja. Kwa hiyo kata ule mgomba unaougua tu, usawa wa ardhi, mapema kadiri uwezavyo, kisha choma panga. Mabaki yaache hapo hapo, usiyaburute kupita katikati ya migomba mizima wala kuyapeleka kwa ng'ombe. Pita tena kila wiki. Chipukizi jipya likionyesha dalili, nalo likatwe. Wanaofanya hivi bila kuchoka, ugonjwa hupungua sana ndani ya miezi. Anayekata mara moja akasahau, hakuna alichofanya.

Kibanja ambacho zaidi ya nusu yake inaugua hakifai kubembelezwa. Hapo ng'oa yote, panda maharage au viazi vitamu kwa miezi sita, ndipo urudishe migomba.

Na mbegu isitoke mahali penye ugonjwa, hata kama chipukizi linapendeza kiasi gani. Miche ya tishu, ile inayokuzwa maabara, ndiyo salama zaidi. Kwa Kagera waulize TARI Maruku, kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Bukoba. Ukichukua machipukizi kwenye shamba safi, menya tunguu mpaka libaki jeupe, kisha lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Maji hayo hayaondoi mnyauko bakteria, yanaua minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi, ambao nao huangusha migomba wakati wa upepo. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, nafasi mita tatu kwa tatu, na samadi iliyooza vizuri, debe moja au mawili.