Cheti cha Almasi: Yanayosemwa Dukani na Yaliyoandikwa Kwenye Karatasi

Mnunuzi wa dhahabu anayeingia kwa masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, kwa kawaida hana wasiwasi mkubwa, kwa sababu bei ya gramu ya siku hiyo inajulikana na mizani ipo mbele ya macho yake. Kwa almasi mambo ni tofauti. Mawe mawili yenye uzito uleule yanaweza kuachana bei mara kadhaa, na pengo hilo la maarifa hujazwa na maneno ya dukani, mengine ya kweli nusu, mengine si ya kweli kabisa.

Dhana: cheti kinathibitisha bei ya pete.

Hakithibitishi. Ripoti ya maabara kama ile ya GIA, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1931, hueleza uzito wa jiwe, rangi, uangavu (yaani uchache wa dosari zake), vipimo vyake kwa milimita na, kwa almasi za mviringo, daraja la mkato. Haina shilingi wala dola. Karatasi iliyoandikwa thamani kubwa, ambayo muuzaji huiweka kando ya bei yake ndogo ili mteja ajione ameokota, ni hati ya makadirio, na makadirio hayo hutolewa na yeyote anayelipwa kuyatoa.

Tena ripoti inahusu jiwe, haihusu pete. GIA hupima almasi ikiwa peke yake, kabla ya kupachikwa, kwa kuwa jiwe lililokwisha kushikwa na dhahabu haliwezi kuwekwa kwenye mizani wala kukaguliwa pande zote. Kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuuzwa, jiwe linaweza kubadilishwa huku karatasi ikibaki halali. Ndiyo maana mawe mengi huandikwa namba ya ripoti kwa leza kwenye ukingo mwembamba unaolizunguka, maandishi madogo yasiyoonekana bila lenzi ya sonara. Mnunuzi ana haki ya kuomba lenzi hiyo, asome namba, kisha aiingize kwenye tovuti ya maabara husika akiwa bado dukani na kulinganisha majibu na karatasi aliyopewa. Anayenunua jiwe lisilo na maandishi hayo alinganishe angalau vipimo vya milimita. Namba ya ripoti iandikwe pia kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu risiti inayosema «pete ya almasi» peke yake haimsaidii mtu siku ya ugomvi.

Dhana: cheti ni cheti, kiwe cha nani.

Maabara hazilingani kwa ukali. Jiwe ambalo moja imelipatia daraja la rangi la G, nyingine inaweza kulipatia I, madaraja mawili chini, na tofauti hiyo ni fedha nyingi. Ama karatasi iliyochapwa na duka lenyewe, hiyo ni maelezo ya muuzaji kuhusu bidhaa yake.

Dhana: karati zikiwa nyingi, jiwe ni bora.

Karati za dhahabu hupima usafi, za almasi hupima uzito: karati moja ni gramu 0.2, basi. Uzito huo haukuambii jiwe litang'aa vipi, kwa kuwa mng'ao hutokana na mkato. Mwanga huingia kwa juu, hugonga nyuso za chini na kurudi machoni. Jiwe lililochongwa kina kupita kiasi, au bapa mno, huuvujisha mwanga huo pembeni au chini na kuonekana limefifia, kama limepoa. Baadhi ya wachongaji huacha kina hicho makusudi, ili jiwe lisishuke chini ya karati moja, mahali ambapo bei huruka. Matokeo yake mteja hulipia uzito uliofichwa tumboni mwa jiwe. Almasi ya mviringo ya karati moja iliyochongwa vizuri ina upana wa milimita 6.5 hivi, na ya karati 0.90 hufika milimita 6.2, tofauti ambayo hakuna mgeni wa harusi atakayeiona, lakini mfuko huiona. Ukinibana nichague kigezo kimoja cha kutokibania fedha, nitachagua mkato.

Dhana: rangi ya D na uangavu usio na doa ndiyo chaguo la lazima.

Kipimo cha rangi huanzia D, isiyo na rangi, hadi Z, yenye umanjano unaoonekana. Lakini wengi wetu hupenda dhahabu ya njano, na dhahabu hiyo huakisi rangi yake ndani ya jiwe, kwa hiyo kulipia D ili uipachike humo ni hasara. Uangavu nao hupimwa kwa kukuza mara 10. Jiwe la VS2, mojawapo ya madaraja ya uangavu, lina dosari zake, ila kwa macho matupu kwa kawaida huzioni.

Dhana: kalamu ya kupimia ikilia, almasi ni ya asili.

Kalamu hiyo hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na almasi iliyotengenezwa maabara ni kaboni ileile, ngumu vilevile, hivyo hupita bila shida. Hata moisanaiti, ambayo si almasi, huzidanganya kalamu nyingi. Si sahihi kuiita almasi ya maabara bandia. Kosa ni kuiuza kwa bei ya iliyochimbwa, ilhali bei yake iko chini sana. Kuzitenganisha kwa uhakika kunahitaji vifaa maalumu, na ripoti huitaja wazi.

Dhana: almasi ya Mwadui, yenye hati ya Kimberley, haina haja ya ripoti nyingine.

Mwadui, mgodi wa almasi wa Shinyanga, ni yetu na ina historia. Jiwe la waridi lililopatikana huko mwaka 1947 alipewa Elizabeth, malkia wa baadaye wa Uingereza, kisha likachongwa hadi karati 23.6. Hata hivyo kila mgodi hutoa mawe mazuri na mabovu, na ripoti ya kawaida haitaji mgodi. Mpango wa Kimberley, ulioanza kutekelezwa mwaka 2003, husimamia shehena za almasi ghafi zinazovuka mipaka ili zisigharimie vita vya waasi. Jiwe lililokwisha kuchongwa liko nje ya mpango huo, kwa hiyo muuzaji anayedai kuwa na hati ya Kimberley ya pete aliyoishika aulizwe ripoti ya maabara iko wapi.