Acha kupakua upya, faili lako ni zima

"Fundi, faili linakuja bovu. Nimepakua tena na tena, bado linasema limeharibika. Nadhani ni huu mtandao wa huku kwetu."

Ujumbe wa namna hii haukauki kwenye simu yangu. Anayeutuma huwa na Mac ya 2010 au 2011, diski keshaifuta ili asakinishe mfumo upya, bando limeteketea, na sasa anataka nimwambie mtandao gani una kasi ili apakue kwa mara nyingine. Naandika leo ili kesho nikiulizwa nitume kiungo nikaendelee na kazi.

Mtandao wako hauna kosa. Ujumbe wa kosa ndio mchokozi. Ukianza kusakinisha El Capitan au Sierra, matoleo ya zamani ya mfumo wa Mac, kutoka kwenye flashi, Mac inakwambia nakala hii haiwezi kuthibitishwa, huenda iliharibika au ilichezewa wakati wa kupakuliwa. Mtu mwenye akili zake akisoma hivyo atafanya nini? Atapakua upya, GB 6 nyingine hizo. Lakini kwenye maneno yale, "haiwezi kuthibitishwa" ndiyo habari. "Huenda iliharibika" ni makisio ya aliyeandika ujumbe, na makisio yenyewe yamekula bando za watu wengi kuliko virusi.

Kilichopo ni hiki. Faili la kusakinisha la Apple lina sahihi ya kidijitali, na sahihi hiyo inategemea cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Cheti kimoja kiliisha 14 Februari 2016, kingine 24 Oktoba 2019. Mafaili yaliyokuwa yakifanya kazi vizuri kwenye flashi za mafundi yakaamka yanaitwa mabovu, bila hata baiti moja kubadilika. Ni sawa na kitambulisho kilichoisha muda: sura ni yako, jina ni lako, ila mlinzi wa getini hakuruhusu kupita.

Usiniamini kwa maneno. Fungua Terminal, lile dirisha la kuandika amri, kwenye Mac nyingine, andika pkgutil --check-signature, acha nafasi, kisha buruta faili la pkg (kifurushi cha kusakinisha) hapo dirishani na ubonyeze Enter. Ukiona jibu linalosema faili limetiwa sahihi na cheti ambacho muda wake umepita, kesi imekwisha. Kama ulishapakua nakala mbili, ziangalie zote kwa shasum -a 256, amri inayotoa alama ya kidole ya faili. Utapata mistari miwili mirefu ya herufi na tarakimu, inayofanana mwanzo hadi mwisho. Nakala mbili zilizoharibika njiani haziharibiki kwa namna moja. Ya tatu itafanana nazo pia, kwa hiyo bando lililobaki angalia mpira.

Sasa tufike kwenye kinachoniudhi zaidi, maana hapa hata mafundi wenzangu wanapotosha watu. Kuna video kibao zinazosema: "Rudisha tarehe nyuma, tatizo limekwisha." Mtu anarudisha tarehe, halafu anaingia Recovery, sehemu ya Mac ya kurejesha mfumo, kupakua mfumo kutoka seva za Apple. Inagoma, inasema seva haipatikani. Anarudi kwangu: "Nimefanya ulivyosema, mtandao bado mbovu." Mimi sikusema hivyo!

Kupakua na kusakinisha vinataka tarehe mbili tofauti. Unapopakua, Mac yako inazungumza na seva iliyo hai leo, yenye cheti kilichotolewa juzijuzi tu. Kompyuta ikiamini tuko 2016, cheti hicho kwake hakijaanza kutumika, na inakata mazungumzo. Kwa hiyo wakati wa kupakua, tarehe iwe ya leo. Unaposakinisha kutoka kwenye flashi ya zamani, anayekaguliwa ni faili lenye cheti kilichoisha, na hapo ndipo unarudisha tarehe hadi kipindi ambacho cheti kilikuwa hai. Zima waifai kwanza, maana Mac ikipata mtandao inaweza kujirekebishia saa na kukurudisha ulikotoka.

Kwenye skrini ya kusakinisha, fungua Terminal kutoka menyu ya Utilities. Andika date peke yake kwanza, uone kompyuta inadhani ni lini. Kisha, kwa nakala ya zamani ya High Sierra (toleo lililofuata Sierra) mathalani, andika:

date 0601120018

Yaani mwezi wa 6, tarehe 1, saa 12:00 kwa saa ya kompyuta, mwaka 2018. Funga Terminal, endelea. Usirudi nyuma kupita kiasi: High Sierra ilitoka Septemba 2017, na ukiipeleka kompyuta 2012 unakuta cheti chenyewe hakijaanza. Faili la El Capitan lililopakuliwa kabla ya Februari 2016 ndilo linalotaka Januari 2016.

Wapo ambao hawajagusa tarehe na bado wanaambiwa seva haipatikani. Andika date vilevile. Mara nyingi utakuta 1 Januari 2001. Hiyo ni Mac iliyokosa umeme kabisa. MacBook zilizonyofolewa betri iliyovimba na kutumika kwa chaja tu ndizo vinara hapa: chomoa chaja, saa imepotea. Kwenye iMac na kompyuta za mezani, mtuhumiwa ni ile betri ndogo ya CR2032, ambayo bei yake ni ndogo kuliko bando ulilochoma.

Mengine haraka haraka. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani, haibebi faili la GB 4 au zaidi, kwa hiyo nakala ikikataa kuingia usilaumu upakuaji. Wapiga Windows mnalijua hili kupitia install.wim, lile faili kubwa la kusakinishia Windows. High Sierra ikija na MB ishirini na kitu tu, haijakatika: hicho ni kianzio, kilichobaki kinapakuliwa wakati wa kusakinisha. Na InstallMacOSX.pkg ikisema haiwezi kusakinishwa kwenye kompyuta hii, huenda umeifungua kwenye Mac ambayo mfumo huo hauihusu. Faili zima, mashine siyo.

Je, faili haliharibiki kamwe? Linaharibika. Ipige shasum nakala ileile moja mara mbili mfululizo. Majibu yakitofautiana, yaani faili halijaguswa lakini hesabu inabadilika, angalia RAM kwanza, kisha diski na waya wake. Kwenye mashine kama hiyo hata upakue kwa kasi ya umeme, kitu kitaingia kimeoza.

Nikiri pia yasiyonikalia sawa. Mwaka 2019 Apple walitoa upya mafaili haya yakiwa na cheti kipya, kwa hiyo ukipakua leo kutoka kwao, tarehe ya leo ingetosha. Ingetosha. Nimeona nakala mpya ikigoma mpaka nirudishe tarehe, na sina maelezo yanayoniridhisha. Recovery nayo kuna siku inakataa saa ikiwa sahihi, waifai safi, halafu kesho yake inakubali bila mimi kugusa kitu. Upo ujanja wa kuielekeza kwenye katalogi ya Apple, yaani orodha ya mafaili yao, kwa http isiyokagua cheti badala ya https. Kwangu umewahi kusaidia na umewahi kushindwa kwenye Mac za mwaka mmoja. Anayejua sababu aandike kwenye maoni, ila asiniambie ni mtandao.

Ukishamaliza, rudisha tarehe ya leo kabla ya kufungua kivinjari. Na ukiwa El Capitan au chini yake, tovuti nyingi bado zitasema muunganisho si salama hata saa ikiwa sahihi. Hicho ni cheti kingine, DST Root CA X3, kilichoisha 30 Septemba 2021, na mrithi wake Mac hizo hazimtambui. Firefox ina orodha yake ya vyeti, hivyo toleo la mwisho linalokubali mfumo wako litakuvusha kwenye nyingi. Lipakue kwenye kompyuta nyingine, ulilete kwa flashi.