Je, Wajua Kwa Nini Meli ya Kitalii Hukipita Kisiwa Hata Jua Likiwaka?

Ni asubuhi ya Julai katika bahari ya Aegean. Anga ni safi, na nyumba nyeupe za Mykonos, kisiwa cha Ugiriki, zinaonekana vizuri kutoka sitaha ya juu. Abiria wameshavaa kofia na kubeba mikoba. Mara sauti ya nahodha inasikika kwenye vipaza sauti: leo hatushuki, meli inaendelea na safari. Wengi hukasirika, na hasira yao inaeleweka, maana wanatafuta mvua na radi wasizione, kumbe kilichowazuia ni upepo.

Upepo huo huitwa meltemi. Huvuma kutoka kaskazini wakati wa kiangazi, zaidi Julai na Agosti, kwa sababu mgandamizo wa hewa huwa mkubwa upande wa Balkani na mdogo upande wa Uturuki, na hewa iliyo katikati husukumwa kuelekea kusini. Ni hewa kavu, ndiyo maana huja na anga la buluu. Unaweza kuvuma kwa kilomita 50 kwa saa na zaidi, siku kadhaa mfululizo.

Jibu la swali letu kwa ufupi ni hili: kushuka asubuhi ndiyo sehemu rahisi. Nahodha hupiga hesabu ya jioni. Akishusha watu 3,000 saa mbili asubuhi, lazima awe na uhakika kwamba saa kumi jioni atawarudisha wote melini na kuondoka salama. Utabiri ukionyesha kwamba upepo utapanda mchana, hata bahari ikiwa shwari asubuhi hiyo, kisiwa hupitwa.

Meli hufika kisiwani kwa njia mbili: kufunga gatini, au kukaa mbali na kuwapeleka abiria nchi kavu kwa boti. Kila njia ina shida zake.

Tuanze na gati. Meli ya kitalii ni ndefu na ndefu kwenda juu, ila sehemu yake iliyozama ni ndogo. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365, lakini chini ya maji haifiki mita 10. Chukua meli ndogo kidogo kuliko hiyo, yenye ubavu wa mita 300 kwa 40. Hilo ni tanga la mita za mraba 12,000 lisiloweza kukunjwa. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukiupiga ubavu huo moja kwa moja, husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 70 hivi. Upepo ukiongezeka maradufu na kufika kilomita 72, nguvu haiwi tani 140. Inakuwa karibu tani 280, kwa sababu nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika: upepo unaoonekana umezidi kidogo tu, kwa meli ni mzigo mwingine kabisa.

Kupambana na nguvu hiyo, meli ina rafadha (panga za kusukuma maji) za pembeni zilizowekwa ndani ya matundu omoni, yaani mbele ya meli, zinazosukuma maji kulia au kushoto. Tezini, yaani nyuma, meli nyingi za kisasa zina rafadha zilizoning'inizwa chini kwenye vyombo vinavyozunguka nyuzi 360, kwa hiyo hazihitaji usukani wa kawaida. Meli ya kitalii ya kwanza kutumia mfumo huo ni Elation, mwaka 1998. Vifaa hivi ni vya ajabu, lakini vina kikomo. Zaidi ya hayo, meli inapokaribia gati hupunguza mwendo hadi karibu kusimama, na kadiri inavyopungua mwendo ndivyo upepo unavyoitawala. Rubani wa bandari huwa amekwisha kupanda kumsaidia nahodha, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mikondo na miamba ya pale, ila naye hawezi kuongeza nguvu ambayo mashine hazina.

Upepo unaosukuma kuelekea gatini ndio wenye mtego. Kuingia huwa rahisi, kwani upepo wenyewe unailaza meli gatini. Jioni mambo hugeuka: upepo ule ule unaibana, na kama rafadha hazina nguvu ya kuushinda na bandari haina boti za kuvuta meli, inabidi kungoja mpaka utulie. Visiwa vingi vidogo havina boti hizo.

Njia ya pili ni boti, na hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Baadhi ya boti zinazoning'inia ubavuni mwa meli kwa ajili ya dharura hutengenezwa zifanye pia kazi ya kushusha abiria. Kanuni za kimataifa za usalama baharini, SOLAS, huweka ukomo wa watu 150 kwa boti ya uokoaji ya kawaida. Katika kazi ya kushusha abiria huchukua pungufu ya hapo.

Mlango hufunguliwa ubavuni karibu na usawa wa maji, na jukwaa dogo hutolewa nje. Boti husogea na kufungwa kwa kamba huku injini ikiendelea kuibana kwenye meli. Baharia mmoja husimama jukwaani, mwingine ndani ya boti. Meli kubwa imetulia, lakini boti inapanda na kushuka na kila wimbi. Wimbi likiwa na kimo cha mita moja, sakafu ya boti inaweza kuwa sawa na jukwaa sasa hivi, na baada ya sekunde chache ikawa chini usawa wa kiuno. Baharia humkamata abiria kwenye kigasha, si kwenye kiganja, kwa sababu kiganja chenye jasho au mafuta ya kujikinga na jua huteleza. Humzuia, hungoja boti ipande ilingane na jukwaa, kisha humwambia avuke kwa hatua moja bila kusita. Anayesita katikati ndiye anayeumia. Mguu ukinaswa kati ya boti na jukwaa huvunjika, maana boti ina tani kadhaa na haiwezi kusimamishwa kwa mikono. Sasa fikiria wazee mia kadhaa wakipita hapo mmoja mmoja, wengine na mikongojo. Kazi ikishakuwa ya hatari husimamishwa, na abiria wa viti vya magurudumu huwa wa kwanza kuambiwa wabaki.

Hapo kuna jambo lingine ambalo abiria hawalioni. Mawimbi hayaletwi na upepo wa pale pale tu. Dhoruba iliyo umbali wa mamia ya kilomita hutuma mawimbi marefu, yaliyotengana sekunde 10 au zaidi, yanayofika kisiwani hata kama hakuna upepo. Mtu aliye sitaha ya 12 huona maji kama yamelala. Boti iliyo chini haina raha hata kidogo.

Dawa ya kwanza ya nahodha ni kuigeuza meli iwe ukuta. Meli iliyotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, na hapo mbavu zote mbili hubaki wazi kwa mawimbi. Kwa hiyo hutumia rafadha kuielekeza kidogo pembeni, ili boti zifanye kazi upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, penye maji tulivu. Mbinu hii hufaulu mara nyingi. Hushindwa pale upepo unapotoka upande mmoja na mawimbi marefu upande mwingine, kwa kuwa hakuna ubavu unaobaki salama.

Halafu kuna nanga yenyewe. Kinachoishikilia meli ni nanga pamoja na mnyororo mrefu uliolala chini. Kwa hiyo mnyororo hutakiwa uwe mara kadhaa ya kina cha maji. Santorini ni kisiwa cha Ugiriki kilichobaki baada ya volkano kuporomoka, na maji yaliyozungukwa na kuta zake yana kina cha mita 300 na zaidi. Huko meli nyingi hukaa zikielea, zikijishikilia mahali kwa rafadha na mitambo ya satelaiti, huku boti zikipeleka watu chini ya jabali. Kutoka hapo hadi mji wa Fira ni ngazi zaidi ya 580, au gari la waya lenye foleni ndefu kila meli mbili au tatu zinapokutana. Belize City, Amerika ya Kati, tatizo ni kinyume chake: maji ni machache na yamejaa matumbawe, hivyo meli husimama mbali sana na mji, na boti za kasi za wenyeji ndizo hufanya kazi. Kwenye kisiwa cha Guernsey, karibu na Ufaransa, kina chenyewe hubadilika: maji hujaa na kupwa kwa tofauti inayoweza kukaribia mita 10 wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo.

Grand Cayman inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ni mojawapo ya vituo vikubwa vya Karibiani na bado haina gati la meli za kitalii. Katika kura ya maoni ya mwaka 2025, wapiga kura walilikataa wazo la kulijenga. Meli hutia nanga mbele ya George Town, upande wa magharibi. Upepo wa kaskazini-magharibi ukichafua bahari upande huo, kazi huhamishiwa Spotts, pwani ya kusini, ambako kisiwa chenyewe huzuia mawimbi. Kisiwa chenye mahali pa kushukia pande mbili kina nafasi kubwa zaidi ya kufikiwa.

Kampuni zinajua hasara ya boti. Royal Caribbean ilijenga gati kwenye kisiwa chake cha CocoCay, Bahama, lililoanza kutumika 2019. Kabla ya hapo watu walishushwa kwa boti. Gati hilo limepunguza tatizo, ila halikulimaliza, kwani liko wazi kwa upepo.

Mtu huuliza: kwa nini wasingoje saa mbili tatu? Tuseme kisiwa kinachofuata kiko umbali wa maili 200 za baharini, sawa na kilomita 370. Meli ikiondoka saa kumi na mbili jioni na kutakiwa kufika saa moja asubuhi, ina saa 13, hivyo itakwenda kwa noti (maili za baharini kwa saa) 15 na nusu hivi. Ikichelewa saa tatu italazimika kwenda noti 20. Nguvu inayotakiwa kuisukuma meli hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo injini zitafanya kazi mara mbili na zaidi ya awali, na mafuta ya safari nzima ya usiku huo yataongezeka kwa kiasi cha asilimia 70. Rubani na nafasi ya gati kule mbele vimeshapangiwa saa, na meli nyingine inaweza kuwa inangoja zamu.

Hesabu ya boti nayo inabana. Boti nne zenye watu 100 kila moja, zikimaliza safari ya kwenda na kurudi kwa nusu saa, huhamisha watu 800 kwa saa. Abiria 3,000 wanahitaji karibu saa nne. Asubuhi hakuna shida, wanashuka kidogo kidogo. Jioni kila mtu anataka boti za mwisho, na ndio wakati ambao upepo wa mchana umeshapanda. Ndiyo maana nahodha hata siku moja hapangi kwa kutegemea hali ya asubuhi.

Kuhusu fedha, usitarajie makubwa. Mkataba wa tiketi karibu kila kampuni humruhusu nahodha kubadili njia au kuacha kituo kwa sababu za usalama. Kinachorudishwa kwa kawaida ni ada na kodi za bandari isiyofikiwa, huwekwa kwenye akaunti ya chumba chako. Ziara uliyonunua melini hurudishwa yote. Ziara uliyokata mwenyewe kwa wenyeji hutegemea mlivyokubaliana, hivyo uliza kabla ya kulipa: meli isipofika, fedha yangu inarudi?

Ratiba yenyewe hukuambia mengi ukiisoma vizuri. Tafuta alama ya nanga au maelezo kwamba kisiwa kinafikiwa kwa boti. Kama safari ina vituo vitano na vitatu ni vya boti, jiandae kisaikolojia kukosa kimojawapo. Tazama pia majira. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na wakati huo meli inaweza kuacha Karibiani ya mashariki yote na kwenda magharibi. Kama kuna kisiwa kimoja unachokitamani kuliko vyote, chagua safari inayolala hapo au inayofunga gatini.

Siku ya kushuka, chukua namba ya boti mapema, maana waliokata ziara za meli hutangulizwa. Vaa viatu vinavyofungwa, acha mikono yote miwili wazi, mkoba uwe mgongoni. Jua saa ya boti ya mwisho, ambayo hutangulia saa ya kung'oa nanga. Na hakiki saa yako na saa ya meli. Cozumel, kisiwa cha Meksiko, kwa mfano, haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi, lakini Florida husogeza. Meli iliyotoka Florida Julai na kubaki na saa za huko itakuwa mbele ya kisiwa kwa saa moja. Simu inayojirekebisha yenyewe itakuonyesha saa tisa alasiri wakati meli imeshafika saa kumi.

Kadi yako husomwa na mashine kila unapotoka na kuingia, hivyo meli hujua kwa jina nani hajarudi. Aliye kwenye ziara ya meli husubiriwa au hupelekwa kituo kinachofuata kwa gharama ya kampuni. Aliyekwenda kivyake huachwa. Wafanyakazi huweza kutafuta pasipoti yake chumbani na kumwachia wakala wa meli aliyeko bandarini, kisha tiketi ya ndege ya kuifuata meli ni juu yake mwenyewe.