Faili za nukta: tenga kwanza, zana baadaye

Kila ninapomwonyesha mtu terminali yangu, swali huwa lilelile: natumia zana gani kuhamisha mipangilio kutoka kompyuta moja hadi nyingine? Zana nimejaribu kadhaa. Hakuna iliyonifaa mpaka nilipokaa chini nikazipitia faili zangu moja moja na kuzitenga mafungu matatu.

Faili zenyewe, zinazobeba mipangilio ya programu, unazijua: `.bashrc`, `.vimrc`, `.gitconfig`, `.tmux.conf`. Nukta ya mwanzoni ndiyo inayozificha. Amri ya `ls`, inayoorodhesha faili, haizionyeshi mpaka uandike `ls -a`. Rob Pike, aliyefanya kazi na kundi la mfumo endeshi wa Unix huko maabara ya Bell Labs, aliwahi kueleza kwamba jambo hili halikukusudiwa. Aliyeandika `ls` alitaka kuruka `.` (folda uliyomo) na `..` (folda iliyo juu yake) tu, ila sharti aliloweka liliangalia herufi ya kwanza peke yake, kwa hiyo kila jina lenye nukta mbele likafichika pia. Waandishi wa programu wakaizoea njia hiyo, na folda zetu za nyumbani zikajaa vitu tusivyoviona. Usichokiona hukitunzi.

Fungu la kwanza ni yale ninayoyataka popote nilipo: vifupisho vya amri, rangi, vitufe vya kihariri. Hayo yanaingia bila wasiwasi kwenye hazina ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili.

Fungu la pili ni ya mashine moja tu. Watu wengi huanza kuandika `if` ndani ya `if` kuuliza jina la kompyuta, na baada ya mwaka hakuna anayeielewa faili hiyo, hata mwenyewe. Mimi naweka mstari mmoja mwishoni mwa `.bashrc`, unaosoma faili ya pili ikiwa ipo kwenye folda ya nyumbani (`~`):

```
[ -f ~/.bashrc.local ] && . ~/.bashrc.local
```

Faili hiyo ya pili, `.bashrc.local`, haiingii kwenye Git kabisa. Kwa Git yenyewe, tangu toleo la 2.13 la mwaka 2017 kuna njia nzuri ya kutumia barua pepe moja kazini na nyingine kwingineko:

```
[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

Usiusahau mkwaju (`/`) wa mwisho baada ya `kazi`. Ndio unaofanya sharti lishike miradi yote iliyomo ndani ya folda hiyo.

Fungu la tatu ni siri, na hapa nawaomba msikilize. Niliwahi kuandika tokeni, yaani ufunguo wa siri wa kuingilia huduma, ndani ya `.bashrc` nikaisukuma kwenye hazina ya wazi. Nilipoiona niliufuta mstari, nikasukuma tena, nikadhani nimemaliza. `git log -p`, inayoonyesha mabadiliko yote ya nyuma, iliitoa vilevile ilivyokuwa, kwa sababu kufuta katika Git ni kuongeza badiliko jipya juu ya la zamani. Likikufika, batilisha tokeni kwanza, palepale, ndipo ufikirie kusafisha historia. Tokeni iliyokwisha kuonekana ihesabu kuwa ya watu wote.

Baada ya kutenga, zana inakuwa jambo dogo. Ninatumia GNU Stow, zana ndogo inayounda viungo vya faili. Faili halisi zinakaa `~/nukta`, kila programu na folda yake, kwa mfano `~/nukta/vim/.vimrc`. Nikiingia `~/nukta` na kuandika `stow vim`, Stow inaweka kiungo `~/.vimrc` kinachoelekea kwenye faili halisi. Ikikuta tayari kuna `.vimrc` ya kawaida, inakataa kuigusa, nami naishukuru kwa hilo.

Kuna tabia yake moja ya kujihadhari nayo. Folda lengwa isipokuwepo, tuseme `~/.config/nvim`, Stow haiundi folda na kuweka viungo ndani yake. Inaiunganisha folda nzima. Kuanzia hapo chochote ambacho programu itaandika humo, iwe kumbukumbu za muda au tokeni ya kuingilia, kinatua moja kwa moja ndani ya hazina yako, na `git add .` moja tu inakirudisha kilekile ulichokitenga. Kwa hiyo mimi huandika `stow --no-folding`, inayounda folda halisi na kuunganisha faili moja moja, na huongeza kwa Git faili kwa jina lake, kisha husoma `git diff --staged` hadi mstari wa mwisho kabla ya kuhifadhi badiliko.