Kwa nini kituo cha matatu kinaitwa "steji"?

Panda matatu ya Kakamega pale Kisumu, kisha sikiliza abiria wanavyoomba kushuka. Hutasikia mtu akisema "kituo". Ni "steji, dere!", "weka hapo steji", "mimi ni wa steji ya Kiboswa". Sasa muulize mwanafunzi yeyote stage ni nini, atakwambia ni jukwaa, pale wanapopanda kukariri mashairi na kuigiza wakati wa tamasha za drama. Jukwaa na kituo cha matatu vilikutania wapi?

Vilikutania Ufaransa. Waingereza walilichukua neno hili kwa Wafaransa mnamo karne ya 13. Kifaransa cha kale kilikuwa na estage, yaani ghorofa ya nyumba au mahali pa kukaa, nalo lilitokana na kitenzi cha Kilatini stare, kusimama. Ukijenga sakafu ya mbao iliyoinuka ili hata walio nyuma wawaone waigizaji, hiyo nayo ni stage. Ndipo tulipopata jukwaa la tamthilia.

Lakini msafiri naye husimama. Katika karne ya 17 Uingereza ilikuwa na magari ya kukokotwa na farasi yaliyobeba abiria kutoka mji hadi mji. Farasi hawezi kuvuta mzigo ule siku nzima. Kila baada ya maili 10 hadi 15 hivi, sawa na kilomita 16 hadi 24, gari lilisimama kwenye nyumba ya wageni, farasi waliochoka wakafunguliwa, wengine wakafungwa, na abiria wakapata nafasi ya kunyoosha miguu. Mahali hapo pa kusimama paliitwa stage, na kile kipande cha njia kati ya kisimamo kimoja na kingine kikaitwa hivyo hivyo. Gari lenyewe likawa stagecoach.

Injini zilipokuja, farasi walikwenda zao, neno likabaki. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930 iliyaita mabasi ya kupakia na kushusha watu njiani stage carriages. Nauli nayo ilikatwa vipande vipande: ukivuka stage fulani, unaongeza pesa. Msamiati huo wa mabasi ya Kiingereza ndio tuliorithi, sisi na majirani zetu wa Uganda, ambako hata mahali bodaboda wanapongojea wateja ni stage. Mtu anayekumbuka mabasi ya Stagecoach jijini Nairobi miaka ya tisini anaweza kudhani neno lilitoka huko. Hapana. Kampuni hiyo ya Uskoti iliingia Kenya Bus mwaka 1991 ikauza hisa zake 1998, na wakati huo watu walikuwa wakishuka steji zamani.

Ukitaka kuona mpango ule wa farasi ukiwa hai, rudi kwenye barabara ya Kakamega. Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali: kila jina ni mahali pa kusimama na pia ni bei. Makanga hahesabu kilomita. Anakuuliza tu, "Unashukia wapi?", na jibu lako ndilo nauli yako. Ukilipia Majengo ukasinzia hadi Mbale, mtagombana, na kwa kanuni za farasi wale yeye ndiye mwenye haki.

Na ile maana ya uigizaji haijafa steji. Kila anayesafiri kwa matatu za kungoja zijae anawajua wale vijana wanaolipwa kidogo wakae kwenye viti. Unafika unakuta gari la watu 14 limebakiza nafasi mbili, makanga anapiga kelele "wawili wa kwenda!", unaingia mbio ukijipongeza. Kijana mmoja amefunga macho kana kwamba ametoka safari ndefu, mwingine anaangalia saa kwa hasira. Abiria wa kweli akifika mlangoni, mwenye hasira anashuka taratibu bila kusema neno. Baada ya dakika 20 ndipo unagundua kuwa wewe ndiye uliyekuwa abiria wa pili. Majukwaa ya shule yana waigizaji wabaya kuliko hawa.

Kuna maana nyingine ambayo watu huisikia hospitalini na kutoka nayo wakiwa wamekata tamaa: "kansa iko stage three". Hapa neno lina maana ya hatua, kipande cha njia bado, ila njia yenyewe ni ugonjwa. Madaktari hupima uvimbe una ukubwa gani, kama umefika kwenye tezi za karibu, na kama umesambaa hadi viungo vya mbali kama ini au mapafu. Stage 1 kwa kawaida ni uvimbe mdogo uliobaki ulipoanzia. 4 ni uliosambaa mbali. Nambari hiyo haihesabu miezi iliyobaki, wala haisemi ugonjwa umekaa mwilini miaka mingapi. Inamwambia daktari aanzie wapi: kisu, dawa, mionzi, au vyote. Kliniki za Virusi vya Ukimwi nazo zimetumia ngazi za Shirika la Afya Duniani, 1 hadi 4, na wapo waliowahi kuandikiwa ngazi ya 4 ambao leo wanalima shamba.

Maana nyingine nitazipita haraka. Roketi ya Saturn V iliyowapeleka watu mwezini 1969 ilikuwa na stage tatu, kila moja ikiachwa kazi yake ikiisha. Magazeti ya Kiingereza nayo husema watu "wame-stage" maandamano, hata kama hakuna aliyeigiza chochote.

Kinachonifurahisha zaidi ni ukoo wa neno hili. Mtanzania hasemi steji, anasema stendi, na huwa tunachekana mpakani kwa hilo. Kumbe stand na stage ni ndugu: moja limepitia lugha za kale za Kigermanik, ukoo wa Kiingereza chenyewe, lingine Kilatini, lakini mzizi wa kusimama ni mmoja. Stesheni, ile ambayo reli iliifikia Kisumu mwaka 1901, imo kwenye ukoo huo. Esteti unakolipa kodi ya nyumba imo pia. Kwa Wafaransa wenyewe estage iliangusha s yake ikawa étage, na bado ni ghorofa. Ndugu yake stage, kwao, ni kipindi cha kujifunza kazi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bukavu, kule Kongo, akikwambia yuko staje, usimtafute kwenye matatu. Yuko katika ofisi ya mtu, anafanya kazi bila mshahara.