Nguva hana nywele ndefu

Muuza perege mmoja soko la Majengo, Dodoma, aliniapia kuwa Bwawa la Mtera lina nguva: juu mwanamke mwenye nywele ndefu, chini samaki. Mtera, maji baridi! Nguva ni mnyama halisi wa baharini. Hapa nchini yuko upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa, tena wamebaki wachache mno. Hufikia mita 3, mdomo mpana umeinama, anachunga majani ya baharini kama ng'ombe wa Mgogo. Ndugu zake ni tembo. Chuchu ziko karibu na makwapa, ananyonyesha; labda hapo ndipo mabaharia walipoona mwanamke. Yule wa hadithini ni samaki-mtu.

“Sawa kaka,” akasema, “perege nikupimie kilo ngapi?”